Somo la Historia: Kupima Habari Kabla ya Kuiandika

Katika shule nyingi somo la Historia hufundishwa kwa kunakili. Mwalimu huandika majina na tarehe ubaoni, wanafunzi huyahamishia daftarini, na siku ya mtihani huyarudisha vile vile walivyoyapokea. Mwanafunzi wa namna hiyo aulizwapo "lini" hujibu upesi. Aulizwapo "kwa nini" au "wajuaje" hunyamaza. Hasara yake si alama tu. Asiyezoea kupima habari akiwa mtoto hudanganywa kwa urahisi akiwa mtu mzima, hata hutia sahihi karatasi asiyoifahamu.

Tiba yake haihitaji vitabu vya bei kubwa. Katika Gesima, iliyo katika Kaunti ya Nyamira, kama katika nchi yote ya Abagusii, liko jambo linalojulikana sana ambalo lafaa kufundishia kazi hii, nalo ni mkuki wa Otenyo.

JAMBO LENYEWE

Mwaka 1905 askari wa Serikali ya Kiingereza waliwapiga Abagusii, na mwaka 1907 boma la Serikali likaanzishwa Kisii. Mwezi wa Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki afisa G. A. S. Northcote, ambaye Abagusii walimwita Nyarigoti. Wazee husimulia kwamba aliyemhimiza ni Moraa, mwanamke mtabiri wa Kitutu. Baada ya hayo jeshi lililetwa. Watu wengi waliuawa, nyumba zikachomwa moto na ng'ombe wakatekwa. Otenyo naye alikamatwa, akauawa.

HATUA YA KWANZA: NI NANI ASEMAYE?

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kwa hiyo mwanafunzi apige mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja aandike yaliyomo katika maandishi ya Serikali, na upande wa pili masimulizi ya wazee. Kwa kila habari ajiulize maneno matatu: Msemaji alikuwapo? Alisema lini? Alitaka asadikiwe kwa faida gani?

Maafisa walimhesabu Otenyo kuwa mhalifu. Wazee humwita shujaa. Maneno hayo mawili ni hukumu, wala si habari. Habari ni kwamba mkuki ulirushwa na mtu akajeruhiwa.

Tena isidhaniwe kwamba wote walio upande mmoja husema mamoja. Winston Churchill, aliyekuwa wakati ule Waziri Mdogo wa Makoloni huko London, aliposoma taarifa za vita hivyo mwaka 1908 aliuliza kama ilikuwa lazima kuendelea kuwaua watu wasio na kinga kwa wingi namna ile. Ushahidi huo una uzito, kwa kuwa watoka ndani ya Serikali ile ile iliyopeleka jeshi.

HATUA YA PILI: KULINGANISHA

Ikiwa mwanafunzi ameandika kwamba Northcote alikufa kwa mkuki ule, mwalimu asifute tu kwa wino mwekundu. Amwulize: je, mtu huyo aliwezaje kuwa Gavana wa Hong Kong tangu 1937 hata 1941? Hapo mwanafunzi atajisahihisha mwenyewe.

Iko pia habari isemwayo sana, kwamba kichwa cha Otenyo kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Mwanafunzi asiiache, lakini aiandike kwa maneno yake yanayostahili: "wazee husimulia kwamba." Kupima hivi si kuwadharau wazee. Profesa William Ochieng', katika kitabu chake cha historia ya Abagusii kilichotolewa mwaka 1974, aliyatumia masimulizi ya wazee kuwa ushahidi wa historia.

HATUA YA TATU: KUANDIKA AYA

Aya njema ina mambo manne: dai, ushahidi, sababu, na mpaka wa ushahidi huo. Aya dhaifu ni kama hii:

"Otenyo alikuwa shujaa. Alimchoma Mzungu mwaka 1908."

Aya iliyopimwa ni kama hii:

"Tendo la Otenyo halikuwa ugomvi wa watu wawili tu. Miaka mitatu kabla yake askari waliwapiga Abagusii, na mwaka 1907 boma likawekwa katika nchi yao. Masimulizi yamtaja Moraa kuwa alimhimiza, na hayo yaonyesha kwamba uchungu haukuwa wa mtu mmoja. Lakini masimulizi yamepita vinywa vingi. Hayatoshi kuthibitisha maneno yenyewe aliyoyasema Moraa."

Aya ya pili haikumwondolea Otenyo heshima yake. Imempa msomaji njia ya kuamua mwenyewe.

KAZI YA NYUMBANI

Hapana tena aliye hai aliyeyaona mambo ya 1908. Waliopo ni waliosikia kwa wengine, nao wanapungua kila mwaka. Basi kila mwanafunzi aende kwa adabu kwa wazee wawili wa koo mbalimbali, aulize walivyosikia na walisikia kwa nani. Aandike tarehe na jina la msimulizi kwa idhini yake. Kisha atunge aya moja isiyozidi mistari kumi, aonyeshe mahali ambapo wazee hao wanapatana na mahali wanapotofautiana. Aya zisomwe darasani, na kila asomaye aulizwe na wenzake swali moja tu: "Wajuaje?"