Mtumishi na Ufunguo wa Ghala



Somo letu la safari hii lahusu watumishi: mwuguzi, karani wa posta, mhudumu wa hoteli. Tumezoea kuwalaumu. Mara ngapi tumerudi nyumbani tukinung'unika kwamba yule ana kiburi, bila kuuliza kama alikuwa na ruhusa ya kutusaidia?

Tuchukue mfano. Mtu amejikata kwa jembe shambani, analetwa zahanati. Mwuguzi yupo, na kazi anaijua. Lakini bandeji zimo ghalani, na mkubwa wake amekwenda na ufunguo Ngara mjini. Mwuguzi hana la kusema ila "subirini". Wenye mgonjwa wanamtukana yeye, si mwenye ufunguo. Mambo hayo yakimrudia kila wiki, mwisho hajali tena. Si mshahara mdogo peke yake unaomvunja moyo, ingawa mshahara nao una neno lake, tusidanganyane.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 1970 Waraka wa Rais Na. 1 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ukawakataza viongozi majivuno na unyapara. Wafanyakazi waliushika sana: mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda wakakiendesha wenyewe. Lakini mabaraza yalikuwa ya kushauri tu; uamuzi ulibaki kwa wakubwa. Na baraza lisilosikilizwa huwa kama darasa ambalo mwalimu anauliza na kujijibu mwenyewe. Sisi tuliofundisha twajua watoto wa darasa hilo hufanya nini: husinzia.

Badiliko la karibuni latupendeza zaidi. Katika mwaka wa fedha 2017/18 Serikali ilianza kupeleka baadhi ya fedha za afya moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya, badala ya kukaa halmashauri. Hivyo watumishi wa zahanati, pamoja na kamati yao, wakaweza kupanga kinunuliwe nini. Hesabu lazima zitolewe, ndiyo, lakini anayeona bandeji zimekwisha ndiye anayesema zinunuliwe.

Katika kamati hiyo wamo wajumbe watokao kwetu vijijini. Yafaa tumwulize mjumbe wetu: mganga mfawidhi asipokuwapo, ufunguo wa ghala hubaki kwa nani?