Mdogo Wangu, Hilo Boksi Usilitupe

Kijana mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia: "Yaya, kaka yangu alipohamia Brussels aliacha kabatini Super Nintendo, maneti mbili za kuchezea na mchezo wa Terranigma wa Kifaransa, ndani ya boksi lake, na kijitabu chake. Kuna mtu mjini anataka kaseti tu, kwa dola chache. Anasema boksi nitupe. Nimuuzie?"

Usimuuzie, mdogo wangu. Sikia kwanza ni nini umekishika.

Terranigma ulitengenezwa Japani na studio ya Quintet, ukatoka huko mwaka 1995, na Nintendo ikauleta Ulaya mwishoni mwa 1996. Shujaa wake, Ark, anatoka chini ya ardhi kuifufua dunia: mabara kwanza, Afrika ikiwemo, halafu mimea, ndege, wanyama, mwishowe watu. Marekani haukuuzwa madukani, kwa sababu kampuni ya Enix, iliyoutoa Japani, ilikuwa imeshafunga tawi lake la huko. Na hata Ulaya ulifika kwa kuchelewa, watu wakiwa wameshahamia PlayStation. Waliokuwa watoto wakati ule sasa wana mishahara, na wanautafuta. Nakala kamili, yaani kaseti, boksi na kijitabu, huuzwa kwa mamia ya euro. Kaseti peke yake hupata sehemu tu ya hiyo bei. Basi anayekuambia utupe boksi anakuambia utupe pesa, ajue asijue.

Sisi wa Lubumbashi tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Mwaka 1973 na 1974, hapa hapa, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya nchi katika picha 100 hivi, akamweleza kila moja kwa Kiswahili, na Fabian akarekodi. Picha za aina ile zilikuwa zikiuzwa kwa bei ndogo, za kupamba sebule. Leo mfululizo ule umehifadhiwa Amsterdam, nao una uzito kwa sababu haukutawanywa, na maneno ya mchoraji yamebaki pamoja nao.

Ila usianze kuota nyumba ya mtaa wa Golf. Utasikia kwamba Julai 2021 kaseti ya Zelda iliuzwa mnadani dola 870,000. Ile ilikuwa ya toleo la mapema sana na haijawahi kufunguliwa. Yako imechezwa. Ukitafuta bei, tazama kile wanunuzi wamelipa kweli. Kile wauzaji wanachoomba ni matumaini yao.

Kagua pia kama ni ya kweli, maana mchezo huu umeghushiwa sana. Kaseti za Super Nintendo za Ulaya zina mabega ya mviringo. Za Marekani zina pembe. Terranigma yenye umbo la Kimarekani ni ya kughushi, huna haja ya kuuliza zaidi, kwani huko haukutolewa. Usifungue kaseti kwa bisibisi ya jikoni. Usiubandue ubandiko, usiusugue kwa spiriti, na boksi likichanika usilitie selotepu. Liweke juu, mbali na sakafu na ukuta: mchwa wa Katanga unawajua, na mvua ikianza Novemba karatasi hunyonya unyevu hata bila paa kuvuja.

Sasa jambo linalonigusa zaidi. Ndani ya kaseti kuna betri ndogo inayotunza mahali mchezaji alipofikia. Ikifa, au fundi akiibadilisha vibaya, safari yote ya kaka yako inafutika. Nawe hukusema popote kwamba alikupa. Alikuachia. Katika familia zetu nimeona ndugu wakinyamaziana miaka kwa sababu ya kitu kilichouzwa mwenyewe akiwa Ulaya, na fedha yenyewe iliisha kwa wiki. Kama una shida ya ada ya shule au ya dawa, mwambie wazi. Huenda akasema uza, na yeye yuko Brussels, karibu na wanunuzi wa toleo la Kifaransa; huenda akatuma mtu aje kulichukua na mkagawana. Huenda akakataa, na hiyo ni haki yake.

Piga picha za boksi pande zote, kijitabu kikiwa wazi, kaseti mbele na nyuma. Mtumie leo, kabla hujamjibu huyo mtu wa mjini.