Kanduyi hadi Nairobi kwa ndege: piga hesabu mwenyewe

Hapa Kanduyi, anayetaka kuruka hadi Nairobi huuliza: nipandie Kitale, Eldoret au Kisumu? Kwa mstari wa moja kwa moja kiwanja cha Kitale ndicho kilicho karibu zaidi, kama kilomita 60, lakini ni kidogo na ratiba zake ni chache. Nakiacha pembeni.

Umbali wa angani sihitaji kuuliza mtu. Fungua ramani kwenye simu, bonyeza kiwanja mpaka namba mbili zitokee: latitudo na longitudo. Kisumu ni -0.09 na 34.73. Jomo Kenyatta, kiwanja cha Nairobi, ni -1.32 na 36.93. Toa moja kwa nyingine, unapata 1.23 na 2.20. Sasa ile kanuni ya pembetatu mraba ya darasa la nane: kila moja zidisha kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Inatoka 2.52. Zidisha kwa 111, maana nyuzi moja ni takriban kilomita 111, na umepata kilomita 280.

Eldoret iko kaskazini ya ikweta (0.40), kwa hiyo hapo latitudo zinajumlishwa, hazitolewi. Jibu ni kilomita 268 hivi. Tofauti ya kilomita 12 ni ya dakika moja tu angani!

Hesabu hii inakubali kwa sababu tumekaa juu ya ikweta. Ingemfaa pia mtu wa Tarawa, kule Kiribati katika Pasifiki, anayekwenda Nauru: kilomita 725 hivi, na yeye hana matatu ya kumwokoa. London isingefaa, kwani huko nyuzi ya longitudo imesinyaa hadi kilomita 69.

Muda nao? Ndege ya mapangaboi kama Dash 8-400 hukata kilomita 650 kwa saa. Hiyo ni dakika 26 kutoka Kisumu. Ongeza 20 za kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka. Ndiyo maana tiketi husema dakika 45 hadi 50.

Safari yenyewe, hata hivyo, iko barabarani. Kisumu napitia Musikoma na Mumias, Eldoret napitia Webuye na Turbo, na kiwanja cha Eldoret kiko kilomita 16 nje ya mji, kwa hiyo kuna gari la pili la kutafuta. Kwa ajili hiyo mimi ni mtu wa Kisumu. Najipa saa tatu za njiani, kwa kuwa matatu haiondoki mpaka ijae, kisha saa moja na nusu ya kukaguliwa na kungoja, na nyingine ya foleni ya Mombasa Road kule Nairobi.

Ndege ya kwanza ya asubuhi inakutaka utoke Kanduyi usiku wa manane, na matatu za saa hizo ni za kubahatisha. Mkutano ukiwa saa tatu asubuhi, naruka jioni ya jana yake, ama napanda basi la usiku na kulala humo humo.