Likizo Hii, Wape Watoto Siku Moja ya Shule ya Chumba Kimoja

Mzee aliyeanza darasa la kwanza mwaka 1955 sasa anakaribia miaka 80. Kama babu au bibi yako ni wa rika hilo, usiiache likizo ya Desemba ipite hivi hivi. Watoto wakishafika Kamachumu, Nshamba, Katoma au Kashozi mkoani Kagera, watengee siku moja waishi shule ya chumba kimoja kama wazee wao walivyoisoma. Historia wataijua, na uraia utaingia bila mahubiri.

Anza na mzee, siku moja kabla. Watoto waende kwake na maswali waliyoyaandika wenyewe. Shikamoo kwanza, wamsaidie kazi ndogo, ndipo waulize. "Zamani shule ilikuwaje?" ni swali bovu. Mzee atajibu "ilikuwa ngumu" na mazungumzo yataishia hapo. Waulize hivi: Nani alijenga darasa lenu? Mlikaa juu ya nini? Mliandika kwenye nini? Mwalimu mmoja alishika madarasa mangapi? Nani nyumbani kwenu hakupelekwa shule?

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Bibi wengi wa rika hilo walibaki kibanjani, kwenye shamba la migomba, wakipalilia huku kaka zao wakienda kusoma. Bibi akianza kusimulia, usimkatize wala usimsaidie kujibu. Akinyamaza kidogo, nyamaza naye. Mtoto wa kike wa darasa la tano akilisikia hilo kutoka kwa bibi yake mwenyewe, neno "haki" litapata sura anayoijua. Baadaye, mkiwa peke yenu, muulize: nani aliamua? Angeweza kupinga? Leo angekwenda kulalamika wapi?

Nani alijenga darasa nalo ni swali zuri. Mara nyingi utasikia habari za wanakijiji waliobeba mawe, miti na nyasi. Mtoto ajue kwamba shule haikuletwa tu.

Historia yenyewe usiirefushe. Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walifika Kashozi mwaka 1892, na shule nyingi za mwanzo za Buhaya zilikuwa za vigango: chumba kimoja, katekista mmoja, kusoma, kuandika na katekisimu. Walutheri nao walikuwa na zao. Laurean Rugambwa, aliyezaliwa Bukongo mwaka 1912, alipita seminari ya Rubya, na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi. Uhuru ukaja 1961, sera ya Elimu ya Kujitegemea 1967. Azimio la Musoma la 1974 likataka watoto wote wa umri wa shule wawe darasani kufikia 1977, yaani UPE, elimu ya msingi kwa wote. Hapo ndipo walipotokea "walimu wa UPE". Huenda mmoja wao ni jirani yako, kwa hiyo mwalike.

Sasa siku yenyewe. Ning'iniza rimu ya gari au kipande cha chuma mtini, hiyo ndiyo kengele. Mchakamchaka asubuhi, kisha mstari na ukaguzi wa kucha. Simu zote ziingie kwenye kapu, yako ikiwemo. Tandika mikeka, kaeni wote chumba kimoja, kuanzia wa chekechea hadi wa sekondari.

Wagawe makundi matatu. Ukifundisha hesabu wadogo, wa kati wananakili na wakubwa wanasoma kimya. Dakika 20, halafu badilisha. Kipindi cha mwisho mwachie mkubwa amfundishe mdogo. Usimwingilie hata akikosea njia. Chumba kama hicho kilisimama kwa sababu wakubwa waliwabeba wadogo, na mtoto anatakiwa aone jinsi kazi hiyo inavyochosha.

Wazee watasimulia fimbo. Waache wasimulie, lakini katika mchezo wako isiwepo. Watoto wakiuliza kama ilikuwa sawa, sema unavyoamini na waache wabishane.

Mapumziko: mpira wa majani makavu ya migomba, waufunge wenyewe. Mchana: ndizi na maharage. Kazi za mikono zisikose. Kila mtoto achote maji au apalilie kahawa, na zamu wazipange wao. Ugomvi ukitokea kwenye zamu, usiutatue. Wape dakika kumi waandike sheria tatu, wote waridhie.

Baada ya chakula wachague kiranja kwa kura ya siri. Punje ya kahawa ni ya mgombea mmoja, harage ni la mwingine. Kila mpiga kura aingie chumba cha ndani peke yake, atumbukize punje kwenye kopo. Hesabuni hadharani. Aliyeshindwa apewe nafasi ya kusema, na aliyeshinda apewe shilingi elfu tano za kutumia kwa manufaa ya wote, kisha atoe hesabu jioni. Hapo kwenye hesabu ndipo watakapochangamka.

Usiwaache wadhani hayo yote yamepita. Baada ya tetemeko la ardhi la Septemba 10, 2016, kuna watoto wa Bukoba waliosomea kwenye mahema. Mwaka 2021 serikali ilipojenga madarasa 15,000, 3,000 yalikuwa ya shule shikizi, zile ndogo za watoto wanaoishi mbali na shule mama. Fungua ramani uwaonyeshe visiwa vya Muleba: Bumbire, Goziba, Ikuza. Waulize wangemwomba nani darasa kama wangezaliwa huko.

Wewe ni mwalimu? Chukua vipindi viwili vya Historia ya Tanzania na Maadili, alika mzee mmoja, fanya mahojiano na kura tu. Inatosha.

Kabla likizo haijaisha, tafuta mkutano halisi. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na tangazo hubandikwa ofisi ya kijiji. Mjini Bukoba, kama uko Nyanga au Kashai, muulize mwenyekiti wa mtaa. Watoto wakae nyuma na daftari. Hawapigi kura mpaka wafike miaka 18, lakini wanaweza kuhesabu: wamesimama kusema wanaume wangapi, wanawake wangapi, na swali gani halikujibiwa. Hilo lisilojibiwa, waandikie barua ofisi ya kijiji au ya mtaa, mkaipeleke pamoja.