Kambi kando ya mto wenye mamba: udhu tuchukulie wapi?



Ndugu zangu wanafunzi, likizo zikikaribia tunaanza kupanga kambi nje ya Bujumbura, na wengi hupenda upande wa mto Rusizi. Mto huo na mwambao wa Ziwa Tanganyika unakoingia una mamba. Huko ndiko alikojulikana yule mkubwa aliyeitwa Gustave. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: maji tunayaona, je, tunaweza kutayamamu?

Kwanza tumjue mamba. Yeye huvizia. Hutulia majini, macho na pua tu vikiwa juu, na hushika mahali ambapo watu na wanyama hurudi kila siku. Giza humsaidia. Sasa tazameni: sisi hutawadha mara tano kwa siku, kwa njia ile ile, na Alfajiri na Magharibi ni nyakati za kiza. Mwenye kuchuchumaa ukingoni ndiye anayengojewa.

Pili, hukumu. Wanazuoni wameeleza kwamba anayezuiwa kufikia maji kwa kuhofia mnyama mkali ni kama asiye na maji, hivyo hutayamamu. Ruhusa ya kutayamamu imo katika Suratul-Maida aya ya 6, na Suratul-Baqara aya ya 195 inakataza kujitia katika maangamizi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i unatakiwa udongo mkavu wenye vumbi. Mchanga uliolowa wa ukingoni haufai, basi hatuna sababu ya kuukaribia.

Hata hivyo, ruhusa haituondolei kujiandaa. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, takriban robo tatu ya lita. Kwa kipimo hicho, bidoni moja ya lita 20 inatosha watu zaidi ya 20. Kwa hiyo:

1. Bebeni maji ya udhu na ya kunywa kutoka mjini.
2. Pigeni mahema mbali na ukingo, mahali palipoinuka, nje ya njia za viboko.
3. Msisafishe samaki wala kutupa mabaki ya chakula mtoni.
4. Usiku asishuke mtu majini, hata akiwa na tochi.

Maji yakiisha na mto ukawa wa hatari, tayamamuni mswali kwa utulivu. Anayeshuka mtoni gizani akidhani amezidi ucha Mungu, ameiacha ruhusa aliyopewa na Mola wake.

Wabillahi tawfiq.