Habari za Ndago

Kila mkulima aijua ndago, walakini wengi hudhani ni nyasi kama nyasi nyingine, na kwa hiyo huipiga vita kwa njia ileile inayoizidisha. Kwa kweli ni jamaa ya mafunjo, yale yaotayo kandokando ya Ziwa Viktoria, ambayo Wamisri wa kale walifanyia karatasi. Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, aliiandika mwaka 1753 kwa jina la Cyperus rotundus.

Tofauti hutambulikana kwa vidole. Shina la nyasi kwa kawaida ni mviringo, lina vifundo, na aghalabu ndani ni tupu. Shina la ndago lina pembe tatu, halina kifundo, na ndani limejaa. Majani yake hutoka kwa safu tatu, na sehemu ya chini ya jani hulizunguka shina kama ala ya kisu isiyo na ufa. Vishuke vyake ni vya hudhurungi iliyoelekea zambarau. Ukiona vya manjano, huyo ni ndugu yake, Cyperus esculentus, ambaye viazi vyake vidogo huliwa.

Mbegu za ndago huota chache tu. Nguvu zake zimo chini. Huko hutambaza nyuzi ngumu zenye ncha kali, hata hutoboa viazi vya mkulima udongoni, na juu ya nyuzi hizo hufanya vijiazi vyeusi vilivyofuatana kama shanga. Uzi ukiwa mzima, cha mbele huota na vya nyuma hulala. Jembe likiukata, vyote huamka, kila kimoja na mche wake. Basi alimaye mara moja akaenda zake amejipandia ndago.

Hapana budi kurudia palizi kila wiki mbili au tatu, kabla miche mipya haijafanya vijiazi vingine. Tena kijiazi hufa kikikauka kabisa: yafaa kukichimbua wakati wa kiangazi na kukiacha juu ya ardhi katika jua kali. Wakati wa mvua kazi hiyo ni bure, kwa maana huota papo hapo kilipotupwa. Kivuli pia huidhoofisha, kwa hiyo kunde au viazi vitamu vilivyofunika ardhi vyema humsaidia sana mkulima.

Na mwenye kuhamisha miche kutoka shamba lenye ndago atazame udongo ulioshikamana na mizizi. Kijiazi kisichozidi punje ya karanga chatosha kuanzisha shamba zima.