Somo kwa Vyama: Kibali Hutangulia Safari

Katika mji wa Milton Keynes, Uingereza, maduka ya ushirika yalianza mwaka 2018 kuwapelekea wateja bidhaa majumbani kwa roboti. Roboti hiyo ni sanduku dogo lenye magurudumu sita, linalotengenezwa na Starship, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2014, ambayo mafundi wake wengi wako Estonia. Hubeba mikate, maziwa na mboga, ikipita katika njia ya waendao kwa miguu.

Njia hiyo ni mali ya umma. Hupita hapo mtoto aendaye shule, mzee mwenye mkongojo na kipofu. Kwa hiyo ufundi peke yake haukutosha. Ilipasa kupata idhini. Somo hili laeleza jinsi idhini ya namna hiyo ilivyopatikana upesi mahali pamoja, na ilivyobanwa mahali pengine.

1. Virginia

Mwaka 2017 Virginia ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kupitisha sheria ya kuruhusu roboti hizo katika njia za miguu. Kampuni haikungoja ulizwe mtu mwingine. Iliwaendea wabunge wa jimbo mapema, ikashirikiana nao katika kuandaa sheria. Ilikubali pia kufungwa na masharti. Uzito wa roboti bila mzigo usizidi ratili 50, yaani kilo 23 hivi. Mwendo usizidi kilomita 16 kwa saa. Roboti impishe mtu njiani, na awepo msimamizi wa kuiangalia kutoka mbali. Iandikwe namba yake na jina la mwenyewe, ili mwenye malalamiko ajue pa kuyapeleka. Zaidi ya hayo, kila mji ulibaki na haki ya kukataa.

2. San Francisco

Mwaka huo huo, katika jiji la San Francisco, roboti zilionekana njiani kabla jiji halijatunga kanuni juu yake. Watetezi wa wazee, walemavu na waendao kwa miguu walilalamika. Mwezi Mei, mjumbe wa halmashauri ya jiji, Norman Yee, alipendekeza zipigwe marufuku kabisa. Mwezi Desemba halmashauri iliruhusu majaribio tu: roboti tatu kwa kila kampuni, tisa kwa jiji zima, katika maeneo ya viwanda, zikifuatwa na mtu aliye karibu. Aliyeingia bila hodi alikaribishwa mlangoni tu.

3. Pittsburgh

Kibali nacho si mwisho wa kazi. Mwezi Oktoba 2019, katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, mwanafunzi atumiaye kiti cha magurudumu alieleza kwamba, alipokuwa akivuka barabara, roboti ilisimama kwenye mteremko wa kupandia njia ya miguu, ikamzuia kutoka barabarani huku taa za magari zikikaribia kubadilika. Chuo kilisimamisha majaribio kwa muda. Kwa mtu mzima wa viungo, kisanduku kile kingekuwa kero ya kurukwa tu; kwake kilikuwa hatari ya maisha.

Mafunzo kwa vyama

Chama kinachotaka kujenga ghala kando ya barabara, au kufungua soko mahali wapitapo watu, kimo katika hali hiyo hiyo. Yafaa Katibu na Kamati wakumbuke haya:

(a) Ombi lipelekwe kabla ya kazi kuanza. Serikali iliyoshtukizwa huanza kwa kukataza.
(b) Masharti yaandikwe na mwombaji mwenyewe ndani ya ombi: kiasi, mipaka, na nani atawajibika likitokea jambo.
(c) Waulizwe kwanza wale watakaoumia zaidi, wala si wale watakaofaidika. Wengi wakikubali mkutanoni, haina maana kwamba mnyonge mmoja ameridhika.
(d) Kibali kikishapatikana, malalamiko yapokelewe na kujibiwa. Idhini hulindwa kila siku.

Maswali ya kuzungumzwa katika mkutano

1. Kwa nini namba na jina juu ya roboti vyaweza kusaidia kuwatuliza wananchi?
2. Ni mwanachama gani, au jirani gani, ambaye chama chetu hakijawahi kumwuliza kabla ya kuomba kibali?